Mzimu ulimpenda au alimpenda?

Msomaji wetu wa Bahi, mpenzi wa riwaya za mahaba ya kale na mizimu, anauliza: mzimu wa riwaya ukimpenda binti, tuandike “ulimpenda” au “alimpenda”?

Kwa desturi neno hili limo katika ngeli ya U-I: mzimu umetulia, mizimu imekasirika. Pwani, mzimu ni pia mahali pa matambiko, kama ulivyo katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kwa maana hiyo ya mahali, “ulimpenda” haifai kabisa, kwani mahali hapapendi.

Lakini mzimu anayezungumza, kuona wivu na kuahidi ni mhusika, kwa hiyo huchukua “a-” kama mtu. Ndivyo ilivyo kwa Mungu: wingi wake ni miungu, kama mizimu, lakini twasema Mungu anapenda. Basi andika “alimpenda” bila woga.