Jukwaa Lililotangaza: Wasanii wa Nyanza Kusini na Historia ya Habari

Historia ya uandishi wa habari nchini Kenya huandikwa kwa kufuata magazeti. Kwa sababu hiyo Migori na Homa Bay huonekana humo kama mahali walikotoka watu mashuhuri, si mahali ambapo kazi yenyewe ilifanyika. Philip Ochieng, aliyezaliwa Awendo mwaka 1938, anakumbukwa kwa safu zake katika magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam na kwa kitabu chake cha mwaka 1992, I Accuse the Press. Anastahili kukumbukwa hivyo. Lakini katika miongo ileile aliyoandika yeye, watu wengi wa kwao walikuwa wakipata hoja na lawama za kisiasa kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yao na gitaa, akiimba Kijaluo. Ninavyoona, katika eneo hili, ambalo kwa miaka mingi lilitawaliwa kama wilaya moja ya Nyanza Kusini, kucheza, kuigiza, kutangaza na kutunga zilikuwa kazi za mtu mmoja. Mwanahistoria anayezigawa kazi hizo kwa vigezo vya chuo, huyu mcheza ngoma na yule mwanahabari, anaipoteza sehemu kubwa ya historia anayoitafuta.

Ushahidi wa zamani zaidi umo katika nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi karibu kabisa na ardhi. Vidole vya mikono vinacharaza nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ukingo wa ala, njuga za mguuni zinajibu, na juu ya hayo yote anaimba. Matangani hutarajiwa amtaje marehemu kwa ukoo wake na kwa matendo yake, na waliomjua wamekaa palepale wakisikiliza. Akikosea jina la babu, atasahihishwa mbele ya watu. Kisha huja pakruok: msikilizaji anatoa pesa, muziki unasimama, naye anajisifu au kumsifu rafiki, mchumba au ukoo wake, ndipo nyuzi zianze tena. Hapo hadhira nayo imeingia mchezoni. Masimulizi ya eneo hili yanadai uigizaji vivyo hivyo. Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa, husimuliwa kuwa aliweza kugeuza umbo lake, na huwezi kukisimulia kisa hicho bila wewe mwenyewe kugeuza sauti na mwili. Vivyo hivyo kwa Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi aliyemvua mwanamke ziwani, akamwoa na kutajirika, kisha kwa ulevi akamkasirisha, akaona mifugo yake yote ikirudi majini. Asiyejua kuigiza ulevi wa Nyamgondho na hasira ya mkewe amesimulia nusu tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, akavuka kuja Kenya, na katika miaka ya 1960 akawa miongoni mwa waliohamishia ufundi wa vidole vya nyatiti kwenye gitaa na kuujenga muziki wa benga. Atatokea wa kusema kwamba Mtanzania hawezi kuhesabiwa katika historia ya Migori. Lakini mstari ule wa mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, tena bila kuwauliza Wajaluo waliokuwa pande zote mbili. Lugha na soko la muziki havikuufuata. Bendi yake, Shirati Jazz, ilibeba jina la kijiji cha Tanzania na kupata umaarufu wake Kenya. Misiani alitunga kwa mafumbo ya wanyama na visa vya Biblia, na alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Jambo hili nalitilia mkazo kwa kuwa linajibu swali la aina ya kazi aliyokuwa akiifanya: wakuu walimsikiliza kama mtu anayetoa habari na maoni, wakamtendea kama wanavyomtendea mhariri asiyewapendeza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msanii hulipwa kusifu, na kwamba fumbo haliwezi kuthibitishwa. Yote mawili ni kweli. Anayetafuta tarehe za mikutano au hesabu za kura hatazipata katika wimbo wa Misiani. Lakini kigezo cha pesa kikitumika kwa haki, kitaliangusha na gazeti. Kenya Times, ambalo Ochieng alilihariri mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa mali ya chama tawala cha KANU. Hakuna mwanahistoria anayelitupa kwa sababu hiyo, bali hulisoma akijua nani alilimiliki. Pakruok ina unyoofu ambao gazeti lile halikuwa nao: mlipaji anasimama, anajitaja, na kila mtu anamwona. Fumbo nalo lilizaliwa na hatari. Katika miaka ambayo neno la wazi lilimpeleka mtu kizuizini, hadithi ya mnyama ilikuwa njia ya kusema jambo ambalo wote walilifahamu, na namna watu walivyolifahamu ni ushahidi wa kihistoria wenye thamani yake.

Ikiwa jukwaa lilifanya kazi ya gazeti, safari ilikwenda pia kinyume, kutoka kwenye karatasi hadi jukwaani. Grace Ogot wa Asembo, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, alikuwa mtangazaji wa BBC kabla ya kujulikana kwa vitabu; riwaya yake ya Kijaluo, Miaha, iliyotoka mwaka 1983, iligeuzwa mchezo wa kuigiza na kuonyeshwa katika sehemu za Wajaluo.

Kisha yupo Princess Jully wa Migori, ambaye waandishi wamemtendea vibaya kwa kumweka katika kurasa za burudani tu. Mumewe, Prince Jully, alifariki mwaka 1997, naye akashika uongozi wa Jolly Boys Band. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wimbo wake Dunia Mbaya ulivuma nchi nzima ukionya juu ya UKIMWI, ugonjwa ambao serikali ilikuja kuutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999. Wapo wanaouliza kama uchezaji wake wa kiuno haukupingana na onyo lenyewe. Nadhani uchezaji ndio ulioupa onyo nguvu: watu ambao wasingekaa kumsikiliza afisa wa afya walikuja kucheza, wakapokea habari ya kifo wakiwa katikati ya raha ile ile iliyokuwa ikizungumziwa. Uhitaji wa sauti kama yake haukuisha upesi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay, dhidi ya asilimia 4.9 kwa Kenya nzima. Alifariki Oktoba 2023. Wimbo umebaki kwenye kanda na intaneti, lakini alivyoupanga jukwaani, aliposimama kuzungumza na aliporudi kucheza, hayo wanayajua wapigaji na wachezaji waliofanya kazi naye, na wahojiwe sasa kwa bidii ileile inayotumika kukusanya kumbukumbu za wahariri.