Kamba ya HR na Harambee ya Makadara

Wasee, kila mwaka ikikaribia Desemba, simu zetu hujaa picha za watu wa ofisi wakiwa Naivasha, tisheti rangi moja, wanavuta kamba. Chini ya picha wameandika ati sisi ni familia. Mimi sina shida na kamba. Shida yangu ni ile hadithi inauzwa nayo, ati kucheza pamoja kazini ni kitu kipya, kimetoka kwa makonsaltanti, na sisi watu wa Eastlands tunafaa kufunzwa. Wapi! Hii kitu ina historia, na kipande chake kimepita hapa hapa Jogoo Road.

Tuanze na kamba yenyewe. Makadara ina wadi nne: Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee na Makongeni. Soma hayo majina polepole. Viwandani ni kazi. Makongeni ni mtaa uliojengwa na reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Na Harambee? Kabla Jomo Kenyatta aifanye wito wa taifa mwaka wa 1963, harambee ilikuwa mwito wa wapagazi na vibarua wakiinua au kuvuta mzigo mzito. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, wote wanavuta kwa mkupuo mmoja. Hapakuwa na mtu wa HR na kipaza sauti. Palikuwa na mzigo, na mzigo lazima usonge.

Sasa skia hii. Kuna Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, injinia wa mambo ya kilimo. Alipima nguvu za watu wakivuta pamoja, akachapisha matokeo mwaka wa 1913. Ungedhani watu wanane watavuta mara nane ya mtu mmoja, si ndio? Walifika karibu nusu tu ya hiyo hesabu. Watafiti waliokuja baadaye wakaonyesha sababu ni mbili. Ya kwanza, watu hawavuti kwa wakati mmoja. Ya pili, kila mtu anajiambia mwenzake atavuta, kwa hivyo yeye anashika kamba tu, uso umekunjwa, nguvu hakuna. Kikundi kikizidi kuwa kikubwa, kujificha kunazidi kuwa rahisi.

Mwito wa harambee unatibu ile sababu ya kwanza. Ya pili haitibiwi na wimbo. Hiyo inatibiwa na mtu kujua kwamba mzigo ukifika, na yeye atapata kitu. Shika hiyo point, tutairudia.

Twende Marekani kidogo. Kati ya 1924 na 1932, kiwanda cha Western Electric kule Hawthorne, karibu na Chicago, kilifanyiwa majaribio. Kwenye jaribio moja maarufu walichukua wanawake watano waliokuwa wakiunganisha vipuri vya simu, na wa sita wa kuwaletea vifaa, wakawaweka chumba chao peke yao. Wakapewa mapumziko, saa za kazi zikapunguzwa, wakaongeleshwa kama watu. Kazi iliyotoka ikapanda. Elton Mayo, profesa wa Harvard, akawa jina kubwa kwa kueleza kwamba siri ni kikundi kidogo chenye watu wanaosikizwa. Mpaka leo, ukiambiwa ofisi yenu icheze ndio mshikamane, jua mizizi ya hayo maneno iko hapo.

Lakini kuna vitu viwili makonsaltanti husahau kusema. Moja, wale wanawake walibadilishiwa malipo: badala ya kuhesabiwa na kundi kubwa la kiwanda, wakaanza kulipwa kulingana na kazi ya kikundi chao kidogo. Wakifanya zaidi, doo inaingia kwao. Mbili, wawili kati yao waliondolewa chumbani, moja ya sababu ikiwa kwamba wanaongea sana. Kwa hivyo hata huko kwa "kusikizwa", kusikizwa kulikuwa na mpaka.

Rudi nyumbani sasa, Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, na katikati wakaweka ukumbi na maktaba, na nafasi wazi za watu kukaa na kucheza. Serikali ya kikoloni haikuwa imepata roho nzuri ghafla. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mwaka wa 1939, wakagoma tena 1947, na wakubwa wakaelewa kwamba mfanyakazi asiye na nyumba wala burudani ni hatari kwao. Mpango ulikuwa huo: mpe mtu mpira na dansi, atulie, Jumatatu arudi kazini.

Watu wakapokea ukumbi, wakacheza, halafu wakautumia vile wanataka. Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya ukumbi huo wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na Nairobi ikaingia kwa mgomo mkubwa uliochukua siku kadhaa. Makhan Singh alizuiliwa hadi 1961. Manze, ukumbi uliotegemewa kutuliza watu ndio uliowakusanya. Timu ilijengeka, lakini haikuwa ya bosi.

Kwa nini nachimba haya yote? Kwa sababu ya kazi zetu za leo. Nilipotoka chuo bila cheti nilipata kazi kwa ofisi ndogo, tulikuwa watu sita. Mshahara ulikuwa umechelewa miezi miwili. Jumamosi moja tukaitwa, bila malipo, tukapewa vijiti vya spageti, gundi ya karatasi na peremende laini moja ya kuweka juu, tujenge mnara mrefu ndani ya dakika kumi na nane. Mchezo wenyewe ni poa, sitasema uongo. Ulionyesha nani anasikiza na nani anaamrisha. Kisha tukaulizwa, "Nini kinatuzuia kufanya kazi kama timu?" Kimya. Kila mtu alijua jibu, lakini aliyekuwa na deni letu ndiye aliyeshika saa.

Mchezo hauna kosa. Watoto wa mtaa wetu wamejifunza kushirikiana kwa kati, kwa mpira wa makaratasi na nailoni, bila bajeti ya mtu. Kikundi cha watu wanne hadi sita kinafaa sana, kwa sababu hapo hakuna pa kujificha. Lakini kama wewe ndiye unapanga hiyo siku, fanya mambo matatu. Cheza saa za kazi, usiibe Jumamosi ya watu ambao wana hustle ingine. Bosi acheze pia, na kwenye kati awe wa kwanza kuingia katikati akwepe mpira kama wengine. Na baada ya mchezo uliza swali moja la kweli, kisha ulijibu kabla ya wiki kuisha, hata kama swali ni la doo.

Na kama wewe ndiye unaitwa, nenda ucheze. Vuta kamba, cheka, kula nyama. Halafu kabla ya basi kurudi tao, kaa na wenzako mjue nani analipwa nini na nani anadai nini. Hiyo dakika kumi ndiyo itawafanya mjuane kuliko mnara wa spageti. Watu wa Kaloleni walifanya hivyo wakiwa na ukumbi mmoja na mpira. Ofisi yenu mna grupu ya WhatsApp isiyo na bosi ndani. Huwa mnaongea nini huko?