Desemba Tunarudi Mafia: Historia Fupi ya Safari ya Nyumbani

 

Kila ifikapo Desemba, wana-Mafia wawili wakikutana Kariakoo au Temeke huulizana swali moja: "Unavuka lini?" Hakuna anayehitaji kutaja anavuka kwenda wapi. Jambo hili lina mshangao wake. Sehemu kubwa ya watu wa kisiwa chetu ni Waislamu, na Krismasi kwetu ni sikukuu ya majirani: walimu, wauguzi, maofisa na wafanyabiashara waliokuja kutoka bara. Hata hivyo mwezi wa Krismasi ndio mwezi ambao nyumba za babu na bibi hujaa, mikeka ikatandikwa hadi barazani, na watoto wa mjini wakajifunza majina ya shangazi ambao hawajapata kuwaona. Makala haya yanaeleza desturi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini tunaihitaji leo kuliko zamani.

Upepo ndio uliokuwa kalenda

Kabla ya kalenda ya ukutani tulikuwa na kalenda ya baharini. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi, ikaleta bahari nzito. Mwisho wa mwaka hugeuka, na kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi hushika njia. Mafia iko kusini mwa Dar es Salaam na kusini zaidi ya Unguja, kwa hiyo jahazi likitoka huko wakati wa kaskazi huwa na upepo nyuma yake. Nahodha aliyebeba watu wa nyumbani hakuhitaji kubishana na bahari.

Desemba pia ilikuwa na neema za shambani. Embe huwa zimeiva. Vuli imelainisha udongo, na kazi ya kuandaa mashamba ya mpunga inataka mikono. Aliyerudi wakati huo hakuja kula tu, alikuja na jembe lake. Naye alipoondoka hakuondoka mikono mitupu: nazi, embe, pweza mkavu na mkeka uliosukwa na mama yake vilipanda naye chomboni.

Wazee hukumbuka kwamba kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, safari nyingi za watu wetu zilielekea Unguja. Baadaye njia kuu ikawa Dar es Salaam. Mji ulibadilika, lakini upepo wa kurudia ulibaki uleule.

Mji ulihama, watu hawakupotea

Historia yetu ni ya watu waliozoea kuhama na bado wakajua kwao ni wapi. Kisimani, upande wa magharibi, ulikuwa mji wa zamani, na sehemu yake kubwa imemezwa na bahari. Kua, katika kisiwa cha Juani, ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti na nyumba kubwa, ambao magofu yake yapo hadi leo. Mnamo miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia na kuuharibu. Baada ya hapo Chole ndiyo iliyoshika nafasi ya mji mkuu, chini ya utawala wa Waarabu wa Zanzibar.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo, na Mafia ikaingia mikononi mwa Wajerumani. Sultani wa Zanzibar alilipwa mark milioni nne kwa ajili ya pwani yote pamoja na kisiwa chetu. Wajerumani walianza kutawala wakiwa Chole, na mwaka 1913 wakahamishia makao Kilindoni, ambako meli kubwa ziliweza kusogea karibu zaidi. Hivyo ndivyo Kilindoni ilivyokuwa mlango wa nyumbani hadi sasa.

Hesabu basi: Kisimani, Kua, Chole, Kilindoni. Mji mkuu umehama, lakini watu wa Juani bado ni watu wa Juani, na wa Chole bado ni wa Chole. Kwetu sisi nyumbani hapakufuata makao ya serikali. Palifuata makaburi, minazi na majina ya koo.

Mkondo tunaouvuka ulipata kufungwa na vita

Leo ukipanda basi Mbagala Rangi Tatu, ukapita Mkuranga, ukakata Bungu kwenda Nyamisati, unafika penye maji ya delta ya Rufiji. Mbele yako ni Mkondo wa Mafia. Ni vizuri kukumbuka kwamba Krismasi ya 1914 ilikuta mkondo huo ni uwanja wa vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta, na meli za Waingereza zilikuwa zikiilinda isitoke. Januari 1915 Waingereza waliteremka Mafia na kukiteka kisiwa. Walikifanya kituo chao, wakarusha ndege kutoka hapa kwenda kuitafuta meli hiyo mikokoni, na Julai 11, 1915 ikaangamizwa. Baada ya vita Mafia ikawekwa ndani ya Tanganyika.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu hulalamika kuhusu foleni ya tiketi Nyamisati, na malalamiko yao yana haki. Lakini wajue kwamba safari hii haikupata kuwa rahisi hata siku moja. Kabla ya gati la Kilindoni abiria walishuka majini, akina mama wakashika khanga juu na mtoto begani. Wengine walipitia Kisiju kwa mashua, wakisubiri maji yajae. Walisubiri, wakalowa, lakini walirudi.

Shule na sikukuu za serikali

Kilichoifanya Desemba kuwa mwezi wa kurudi rasmi ni shule. Kwa miaka mingi mtoto wa Mafia aliyefaulu darasa la saba alilazimika kuvuka bahari kwenda sekondari bara. Mwaka wa masomo huisha mwishoni mwa mwaka, hivyo Desemba ndiyo iliyomrudisha na sanduku lake la bati. Mfanyakazi wa serikali naye alipata nafasi wakati huohuo: Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi tarehe 25, siku ya kupeana zawadi tarehe 26, kisha mwaka mpya, na baada ya Mapinduzi ikaongezeka tarehe 12 Januari. Mtu aliyeomba likizo yake kwa hesabu nzuri aliweza kukaa nyumbani mwezi mzima.

Kwa hiyo Krismasi ilitufaa hata sisi tusioisherehekea kanisani. Ilitupa siku. Na jirani Mkristo aliyebaki Kilindoni bila kwenda kwao Mbeya au Kilimanjaro hakuachwa peke yake: sahani ya wali wa nazi ilivuka ua, na siku yake ilipofika sahani ilirudi na kitu juu yake. Huo ndio ujirani tulioukuta kwa wazee wetu.

Mwezi mwandamo ukikutana na Krismasi

Kuna miaka ambayo kalenda mbili hukutana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idd huzunguka misimu yote na kurudi mahali pake baada ya takriban miaka 33. Mwishoni mwa 1968 Idd el Fitri iliangukia siku chache kabla ya Krismasi. Mwaka 2000 iliangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi. Na mwaka 2015 Maulidi ya Mtume yalikuwa tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, taifa zima likapumzika siku tatu mfululizo.

Mungu akitupa uhai, mwaka 2033 utakuwa na Idd el Fitri mbili: moja mwanzoni mwa Januari, na nyingine karibu na tarehe 23 Desemba, kulingana na mwandamo. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa kijana wakati huo. Je, atakuwa na nyumba ya kufikia Baleni, Kirongwe au Kanga? Au atauliza njia kama mtalii aliyekuja kuwatazama papa potwe?

Ukoo wa pande mbili

Swali hilo linatupeleka kwenye kiini cha jambo. Mtaalamu wa mambo ya jamii kutoka Uingereza, Pat Caplan, alikuja Mafia katikati ya miaka ya 1960, akaishi kijijini kaskazini mwa kisiwa na kurudi mara nyingi baadaye. Kitabu chake cha 1975, Choice and Constraint in a Swahili Community, kiliueleza ulimwengu jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kitabu: huku kwetu mtu ni wa kuumeni na kukeni kwa pamoja. Ana haki katika ukoo wa baba na katika ukoo wa mama, na kupitia babu na bibi anaweza kuwa na koo zaidi ya mbili.

Ni utajiri mkubwa, lakini una sharti. Aliye na koo nne hawezi kuishi katika zote. Haki yake hubaki hai kwa kuonekana: kuhudhuria arusi na matanga, kufagia makaburi, kushika jembe, kukaa barazani akasikilizwa. Minazi ina mwenyewe kwa jina, lakini ardhi ya ukoo huombwa na kugawanywa na waliopo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndiyo maana safari ya Desemba haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo hati yetu ya zamani. Mtu alijionyesha, watoto wake wakatajwa mbele ya wazee, na mpaka wa shamba ukapitiwa kwa miguu.

Miaka mitano si mingi

Leo kuna hati nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua haki miliki ya kimila, na hiyo ni kinga kwetu. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba ardhi isiyokaliwa wala kutumika kwa muda usiopungua miaka mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Desemba tano ukizikosa, zimetimia. Na kisiwa hakikai tupu kikisubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani kwetu, na hesabu ya 2022 ilikuwa kubwa zaidi. Ufuko ambao babu aliuona ni wa kuanikia dagaa tu, leo kuna anayeutaka kwa hoteli.

Upande mwingine, simu imetupunguzia sababu ya kuvuka. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mchango wa matanga hufika Bweni kabla maiti hajazikwa. Hilo ni jema, na bila hilo chama chetu kisingefika kilipofika. Lakini pesa haiwezi kumwonyesha mtoto kaburi la babu yake. Haiwezi kusimama mpakani na kusema, "Mwembe huu ndio alama."

Basi tunaomba nini?

Tunaomba mambo matatu kwa kila familia Desemba hii.

Kwanza, vukeni na watoto. Wapelekeni kuumeni na kukeni, si upande mmoja tu kwa sababu uko karibu na barabara.

Pili, fungueni daftari la ukoo. Kaeni na wazee jioni moja, andikeni majina ya koo zote, mashamba, mipaka yake na nani anayalima sasa. Kisha nendeni ofisi ya kijiji mkaulize utaratibu wa hati ya kimila. Mkiwa wengi pamoja kazi huwa nyepesi, na ndugu anayelima kwa niaba yenu apate kutajwa kwa heshima yake.

Tatu, changieni kupitia fomu iliyo mwisho wa kijitabu hiki. Shule na zahanati zinazojengwa kwa michango yetu zina kazi mbili: zinamhudumia aliyebaki, na zinampa aliyeondoka sababu ya kurudi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini ili mtu atunzwe lazima kwanza aingie uwanjani.

Wazee wetu waliurudia mji uliohama, wakavuka mkondo uliokuwa na manowari, wakashuka majini na watoto mabegani. Sisi tumewekewa basi hadi Nyamisati na gati Kilindoni. Kaskazi imeshaanza kuvuma. Unavuka lini?