HFMEA: Hospitali inavyosaka kosa kabla halijamfikia mgonjwa

Mara nyingi hospitali huchunguza kosa mtu akishaumia. HFMEA inageuza kibao: wahudumu wanakaa mapema na kujiuliza, hapa nini kinaweza kwenda kombo?

Mbinu hii haikuzaliwa wodini. Ilianzia jeshi la Marekani mwaka 1949, NASA wakaitumia kwenye safari za Apollo, kisha hospitali za maveterani nchini humo zikaitengenezea toleo la tiba mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Chukua potasiamu kloraidi. Ikidungwa mshipani bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo, na kichupa chake kinaweza kufanana na cha maji ya sindano. Sasa fikiria usiku, taa hafifu, nesi mmoja, wagonjwa kibao.

Timu ya daktari, nesi na mfamasia inachora kila hatua, kutoka stoo hadi kitandani. Kila kosa linapewa alama 1 hadi 4 kwa ukubwa wa madhara, na 1 hadi 4 kwa uwezekano wa kutokea, kisha zinazidishwa. Kifo ni 4. Hata kosa likiwa la nadra, yaani 2, inatoka 8. Kuanzia 8, lazima lichimbwe.

Kuwaambia manesi "muwe makini" ni dawa dhaifu, uchovu hausikii matangazo. WHO inapendekeza vichupa hivyo viondolewe wodini, famasi ichanganye yenyewe.

Ila alama ni makadirio tu. Nesi wa zamu ya usiku asipokuwepo kikaoni, mchoro unabaki pambo la ukutani.