Mpaka ni wa wawili: Kutoka maili kumi za Sultani hadi poligoni za kaunti

Neno ‘mpaka’ lina kazi zaidi ya moja katika Kiswahili. Likiwa nomino hutaja mahali eneo moja linapoishia na jingine kuanzia. Likitumiwa katika kauli kama ‘nitangoje mpaka kesho’ hutaja kikomo cha wakati. Lakini kitenzi chake, ‘kupakana’, ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana hudai pande mbili. Huwezi kupakana peke yako, kama vile huwezi kupigana wala kusalimiana peke yako. Kwale ikipakana na Taita Taveta, basi Taita Taveta nayo imepakana na Kwale, na mstari ulio kati yao ni mmoja tu.

Wazo hilo dogo la kisarufi litatusaidia kuelewa historia ya kitu ambacho siku hizi kinaamua mengi nchini bila wengi wetu kukijua. Kitu hicho ni poligoni. Katika hisabati, poligoni ni umbo lililozingirwa na mistari iliyonyooka. Katika programu za ramani za kompyuta, poligoni ni orodha ya nukta, kila nukta na longitudo na latitudo yake, zilizopangwa kwa mfuatano hadi nukta ya mwisho inaporudi pale pale pa kwanza. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoijua kaunti yako, wadi yako au shamba lako. Ukiiuliza kama nyumba fulani imo ndani au nje ya eneo, hujibu papo hapo. Haijui kusema ‘hapo pana mjadala’.

Programu hizi zina uhusiano na Kenya tangu mwanzo. Roger Tomlinson, mtaalamu anayeitwa baba wa taaluma hii, alikuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya upigaji picha za angani huko Kanada karibu na mwaka 1960. Kampuni yake iliombwa kutafuta mahali panapofaa kupanda miti humu nchini. Kazi hiyo ilihitaji ramani nyingi ziwekwe moja juu ya nyingine, ya udongo, ya mvua, ya mteremko na kadhalika. Kwa mkono, gharama ilikuwa kubwa mno na pendekezo likakataliwa. Tomlinson akaanza kujiuliza iwapo kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo, na muda si muda akaajiriwa kuijengea serikali ya Kanada mfumo wa kwanza wa aina hiyo.

Sasa basi, katika mfumo wa Kanada mpaka uliandikwa mara moja. Kila kipande cha mstari kilihifadhiwa pamoja na maelezo ya eneo lililo kushoto na lile lililo kulia. Huko ni kupakana hasa! Lakini katika miaka ya 1990, kampuni ya Marekani ya Esri ilisambaza aina nyingine ya faili, shapefile, ambayo hadi leo inatumika kote duniani. Humo kila poligoni hubeba mzingo wake wote, bila kujali jirani. Faili ikawa rahisi kusomwa na yenye kasi, ila mpaka mmoja sasa huandikwa mara mbili, mara moja kwa kila jirani.

Madhara yake si madogo. Mchoraji wa leo akifuata mto kwa nukta 200, na mwenzake wa kesho akiufuata mto uo huo kwa nukta 150, mistari yao haitalingana. Mahali pengine poligoni mbili zitalaliana na ardhi ile ile itahesabiwa mara mbili. Mahali pengine patabaki upenyo, vipande vyembamba kama vibanzi vya kuni, visivyo vya yeyote. Programu zina zana za kuvisaka vibanzi hivyo na kuviziba. Swali ni je, vinapozibwa, ardhi hupewa nani? Zana nyingi hufuata kanuni ya kimaumbo tu, kwa mfano kukiunganisha kibanzi na jirani mwenye poligoni kubwa zaidi.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya mafundi. Lakini Waswahili wa pwani walionja kitu cha namna hiyo kabla kompyuta haijabuniwa. Mwaka 1886, tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa, ambamo Uingereza iliwakilishwa na Herbert Kitchener, ilikagua pwani ili kubaini mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, yalifika wapi. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba bara, Sultani ana ukanda wa maili kumi kutoka alama ya maji kujaa, kuanzia Ghuba ya Tungi karibu na Rasi ya Delgado hadi Kipini. Kaskazini zaidi aliachiwa Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, kila mji na nusu kipenyo cha maili kumi, na Warsheikh maili tano. Barghash hakuwa na mjumbe katika tume hiyo. Alipelekewa matokeo, akayakubali kwa shingo upande.

Mwanafunzi yeyote wa programu za ramani ataitambua kazi hiyo mara moja. Ndiyo zana iitwayo bafa: chagua mstari au nukta, taja umbali, na kompyuta izungushie eneo. Wakoloni walifanya bafa kwa wino. Hawakuuliza mashamba ya nani yalikuwa maili ya tisa na malisho ya nani yalikuwa maili ya kumi na moja.

Hebu tujaribu kuuchora ukanda huo leo. Kompyuta itauliza kwanza: maili gani? Wanahistoria wengi huzitaja kuwa maili za baharini, na kumi kati ya hizo ni kilomita 18.5. Zikiwa maili za nchi kavu, ni kilomita 16.1. Tofauti ni zaidi ya kilomita mbili kwa urefu wa pwani nzima. Pili, maji kujaa ya lini? Mvuvi wa Vanga au Lamu atakueleza kwamba maji ya bamvua hupanda mbali kuliko yale ya maji mafu. Tatu, pwani yetu imejaa hori, kama Kilindini, Mtwapa na Kilifi. Ukianza kupima kwenye kina cha hori badala ya mdomo wake, mstari husogea bara kwa kilomita kadhaa. Sentensi moja ya mkataba inaweza kuzaa poligoni nyingi, na zote zikadai kuwa sahihi.

Kuwa ndani au nje ya mstari huo kulikuwa na uzito. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda kutoka kwa Sultani kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka mwenye madai ayawasilishe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Sheria ile ilielewa mmiliki mmoja mwenye ushahidi wake, haikuelewa umiliki wa ukoo au wa kaya, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Mwaka 1920 bara likawa koloni la Kenya huku ukanda ukibaki nchi lindwa, na suala la Mwambao likaendelea hadi Oktoba 1963, ambapo Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte wa Zanzibar walikubaliana kuwa ukanda uwe sehemu ya Kenya huru. Mstari wa maili kumi ulikufa kisheria, lakini kesi za ardhi ulizozaa zingali hai.

Turudi katika zama zetu. Katiba ya 2010 inazitaja kaunti 47 katika Jedwali lake la Kwanza, lakini humo mna majina tu. Hamna nukta wala mstari. Kaunti zinafuata wilaya za Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992, na wilaya hizo zina nasaba inayorudi hadi Tume ya Mipaka ya Majimbo ya 1962. Poligoni za kaunti unazoziona kwenye simu zimepitia mikono mingi, na mara nyingi mmoja wa mikono hiyo ulinakili ramani ya karatasi.

Karatasi nayo ina mipaka yake. Katika ramani za kipimo cha 1:50,000, mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 25 za ardhi. Isitoshe, ramani hizo za zamani zilitengenezwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, ilhali simu na satelaiti hutumia WGS 84. Ukizichanganya nukta za mifumo hii miwili bila kuzibadilisha, kila kitu husogea takriban mita 300. Mita 300 zatosha kuhamisha soko, shule au kituo cha polisi kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini Kisumu na Vihiga zinavutana kuhusu Maseno, na Kwale na Taita Taveta kuhusu Mackinnon Road. Anayekusanya ushuru wa soko ni nani? Basari ya mtoto itatoka wapi? Wapo wanaodhani kwamba teknolojia italimaliza suala hili: letee wapimaji mitambo ya kisasa, ati mambo yatanyooka. Mitambo hupima vizuri sana mahali ulipowekewa mpaka, lakini haiwezi kukuambia ulipaswa kuwekwa wapi. Jibu hilo limo katika maandishi, katika kumbukumbu za wazee na katika makubaliano ya majirani. Ndiyo maana Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka mpaka wa kaunti ubadilishwe tu kwa pendekezo la tume huru na kuungwa mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote na ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akisogeza nukta hana mamlaka hayo, hata kama mkono wake unaweza.

Mambo mawili yafaa kufanywa. Kwanza, kila poligoni inayochapishwa na taasisi ya umma iandamane na nasaba yake: imetoka katika sheria ipi, ramani ipi, ya mwaka gani, na kwa mfumo gani wa rejea. Tunavyodai mwandishi ataje chanzo cha nukuu yake, tumdai mchoraji vivyo hivyo. Pili, mipaka ihifadhiwe kwa namna ya kupakana, mstari mmoja wenye jina la jirani wa kushoto na la jirani wa kulia, nao uchorwe wapimaji wa pande zote mbili wakiwapo. Zana za kufanya hivyo zimekuwapo tangu enzi za Tomlinson, na baadhi ya programu za leo ni za bure. Walimu wetu wa jiografia na wa Kiswahili wanaweza kuanza kwa zoezi jepesi: wanafunzi wa shule mbili jirani waandike, kila upande kivyake, maelezo ya mpaka ulio kati yao, kisha wakutane walinganishe.