Kilambo, Stesheni Isiyo na Reli

Reli haijawahi kufika Walikale, huko Kivu Kaskazini, Kongo. Anayetafuta huko uwanja wa mbele ya stesheni kuu, ule wanapokutana abiria, wachuuzi, wapagazi, madalali na watoza ushuru, hataukuta kwenye ramani yoyote. Hata hivyo kazi zote za uwanja wa namna hiyo zilifanyika kwa miaka kadhaa juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, karibu na Mubi, na katika kijiji cha Njingala, inakoishia njia ya miguu itokayo mgodi wa bati wa Bisie. Historia ya Bisie husimuliwa kama historia ya mashimo: nani aliyagundua, nani aliyateka, nani alifukiwa humo. Kwangu masimulizi hayo yanaangalia upande mmoja tu. Bati la Bisie lilikuwa na thamani pale tu lilipotoka msituni, na aliyeshika mahali pa kulitolea ndiye aliyeshika mgodi, hata kama hakuwahi kuliona shimo.

Wabelgiji walilijua hilo mapema. Katika Kongo ya mashariki reli ilitangulia bati. Njia ya kampuni ya CFL kati ya Kindu na Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na ile ya kutoka Kabalo ikafika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, reli ya Wajerumani ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, na kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao ya kupakulia mizigo Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kwa jina la Belbase. Kwa hiyo kampuni ya Symétain ilipoanza kuchimba bati la Maniema katika miaka ya 1930, mzigo wake ulikuwa umeshatengenezewa njia, na Kindu ndipo ulipoanzia safari. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kuhesabu kila sururu msituni. Ilitosha kuhesabu magunia stesheni. Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za bati za Kivu na Maniema, ilirithi utaratibu huo ukiwa umeshachakaa, na bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985 kampuni hiyo haikuinuka tena. Vita vya 1996 na 1998 vikamalizia kilichobaki.

Bisie ilikuja baada ya hayo yote, na ndiyo maana haikuwa na stesheni. Kasiterite, jiwe zito linalotoa bati, ilianza kuchimbwa hapo kwa mikono mnamo 2002, vita vikiwa bado havijaisha. Viwanda vya vifaa vya elektroniki vilikuwa vikihitaji bati zaidi la kulehemu, na kati ya 2003 na 2004 bei yake ilikaribia kuongezeka mara mbili. Msitu uliokuwa wa wawindaji ukapata mji wa maturubai wenye maelfu ya watu, baa, maduka na wakubwa wa mashimo walioitwa, bila mzaha, PDG, kama wakurugenzi wa kampuni za Kinshasa. Katika miaka yake ya neema, mgodi huo mmoja ulikadiriwa kutoa asilimia 70 au zaidi ya kasiterite ya Kivu Kaskazini. Na yote ilitoka kwa mgongo wa mtu. Mpagazi alijitwisha gunia la kilo 50, akavuka matope, mizizi na vijito kwa safari ya siku mbili mpaka Njingala, kisha akarudi na mchele, maharage, mafuta na kreti za bia, ambazo bei yake ilipanda kwa kila kilima alichokipanda yeye.

Kutoka Njingala na Mubi ingekuwa kawaida mzigo ushike barabara ya kwenda Goma kupitia Masisi, lakini barabara hiyo ilikuwa imekufa, na palipopitika palikuwa na bunduki. Ndipo lami ya Kilambo ikageuka uwanja. Ndege ndogo za mizigo, LET na Antonov, zilitua juu ya barabara ileile ya magari. Mngurumo ukisikika, askari walizuia pikipiki na malori, wenye mikokoteni wakasogea majanini, ndege ikatua, mlango ukafunguliwa. Sabuni na bia zikashuka, magunia yakapanda, kiasi cha tani mbili kwa safari. Ndege ikishaondoka, mama muuza ndizi alirudi katikati ya njia na barabara ikawa barabara tena. Goma, makontwari, yaani nyumba za biashara ya madini, yalikuwa yakisubiri kununua na kupeleka nje, hadi kwenye viyeyusho vya Malaysia na Thailand. Mizani, dalali, mpagazi, afisa wa serikali na mwenye silaha wa kumkumbusha kila mmoja mahali pake: hakuna kilichopungua pale ila behewa.

Wapo watakaopinga kwamba bunduki ilikuwa shimoni, si barabarani. Wana sehemu ya haki. Brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyoishika Bisie tangu 2006 hadi 2009, ilikaa mgodini penyewe na kuwatoza wachimbaji hapohapo, na kampuni ya MPC, iliyopata kibali cha utafiti mwaka 2006, ilizuiwa kwa miaka kufanya kazi yake kwa sababu ya wenye silaha. Lakini tazama kilichotokea vikosi vilipobadilishana. Wanamgambo wa Mai-Mai walipisha brigedi, na brigedi ikawapisha mwaka 2009 wanajeshi waliotoka kundi la waasi la CNDP. Kila mgeni alirithi bariyeri zilezile za njiani, kwa sababu shimo huporomoka na mshipa wa madini hukatika, ila njia ni moja. Mchimbaji angeweza kuficha mawe usiku, akagawana na mwenzake, akakana. Mpagazi mwenye kilo 50 mgongoni hafichi kitu. Ushuru wa uhakika ni ule wa mahali pasipokwepeka, na wenye silaha walilielewa hilo kuliko wataalamu wengi walioandika juu yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuiita Kilambo stesheni ni kuipamba, kwa kuwa stesheni ina saa, tiketi, stakabadhi na sheria, na Kilambo hapakuwa na lolote kati ya hayo. Tofauti hiyo ipo, nami sitaki kuifuta. Ila ni tofauti ya anayeandika daftari, si ya kazi inayofanyika. Kindu ya Wabelgiji nayo ilikuwa mlango wa kuutolea utajiri wa watu ambao hawakuulizwa, na mizigo mingi iliyofika pale ilikuwa imebebwa vichwani kwanza. Kilichokosekana Kilambo ni dola yenye kuweka stakabadhi, na pengo hilo lilijazwa na kila mwenye uwezo wa kusimamisha gari.

Miaka iliyofuata imetoa ushahidi bora kuliko hoja zangu. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Ilikuwa vigumu kuyafunga mashimo, lakini biashara iliporomoka kwa sababu mzigo haukuwa na pa kupakiliwa kihalali. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wa nje walijitenga kwa kuiogopa sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya vita. Kisha kampuni ya Alphamin ikaichukua leseni ya Bisie, ikakata barabara kuingia mgodini kabla ya kuanza kuzalisha mwaka 2019, na wapagazi wa Njingala wakakosa kazi. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Tarehe 13 Machi 2025 ukasimamishwa, waasi wa M23 wakielekea mji wa Walikale, ambao waliuingia siku sita baadaye. Hawakufika kwenye mashimo. Walipoondoka mjini, kazi ikaanza tena kwa awamu tarehe 9 Aprili.

Wengi waliopakia ndege za Kilambo na kubeba magunia hadi Njingala bado wako hai, Mubi na Goma. Wanahistoria wa vyuo vyetu wawaendee na kinasa sauti sasa, kwa maana nyaraka za mgodi zipo kwenye makabati ya kampuni, ila za uwanja ule hazikuandikwa na mtu.