Mwani Usio Mwani, na Kihisi Chake

Mtu wa pwani asikiapo neno mwani, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye yale majani ya baharini ambayo akina mama wa Paje na Jambiani huyafunga kambani kwa tai-tai, wakayavuna maji yakupwapo, kisha wakayaanika mpaka chumvi ikatanda juu yake kama unga. Basi akiambiwa kwamba maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, yameingia “mwani wa buluu-kijani”, hana sababu ya kushituka, maana mwani kwake ni riziki.

Kosa la jina hilo si la aliyelifasiri peke yake, kwa kuwa wataalamu wenyewe waliwahesabu viumbe hawa kuwa mimea kabla ya kubainika kwamba ni bakteria, wadogo wasioonekana kwa jicho ila wajumuikapo kwa mamilioni na kuyageuza maji kuwa kama rangi iliyomwagika. Jina lao la kitaalamu limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya buluu, nami naona “bakteria samawati” ni istilahi isemayo kweli zaidi, wala haimtumainishi mtu mavuno katika kitu ambacho baadhi ya jamii zake, mathalani Microcystis, hutoa sumu iharibuyo ini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Ama chombo cha kuwachungua, wako wanaokiita sensa, lakini neno hilo tumekwisha kulipa kazi ya kuhesabu watu. “Kihisi” ni bora, ilimradi tuulize kinahisi nini. Ni bomba fupi lililoning'inizwa majini chini ya boya, lenye kidirisha cha kioo nchani. Humo hutoka mwangaza wa rangi ya chungwa, wa nanomita 620 hivi, na fikosianini, rangi iliyomo ndani ya bakteria hao, huunywa mwangaza huo na kuurejesha ukiwa mwekundu, wa nanomita 650 hivi, na wekundu huo ndio upimwao. Tope likizidi, kipimo hupotoka.

Kwa hiyo kihisi hiki huhisi rangi, hakihisi sumu, na tofauti hiyo si ya wanalugha tu. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Queensland, Australia, bwawa la Solomon lilizidiwa na viumbe hawa, likatiwa mrututu ili wafe. Na walipokufa seli zao zilipasuka, sumu ikabaki majini, na siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, wakaugua, maini yao yakavimba. Lau kihisi kingalikuwamo bwawani siku zile, yamkini kingaliona rangi ikififia, na mwenye kukisoma angalidhani kwamba salama imerejea.

Sumu hupimwa maabara, ambako kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, katika sumu ya mikrosistini, ni mikrogramu 1 tu kwa lita. Ndiyo maana sioni haya kupendekeza jina refu, “kihisi cha rangi ya bakteria samawati”, liandikwe kwa ukamilifu juu ya chombo, mahali ambapo mlinzi wa pampu ataliona kabla ya kufungua maji kuelekea mjini.